Fundo la kalata-kalata: namna peptidi inavyobuniwa isivunjike tumboni

Katika miaka ya 1960 daktari mmoja kutoka Norway, Lorents Gran, alikuwa Kongo katika kazi ya misaada ya Msalaba Mwekundu. Alichokiona huko kwa wanawake waliokuwa wakijifungua hakikuwamo katika vitabu alivyosomea. Mama akishikwa na uchungu, na uchungu wenyewe ukawa unasuasua, alichemshiwa mmea mdogo uitwao kalata-kalata, akapewa maji yake anywe kama chai. Uchungu ukakolea, mtoto akaja mapema.

Gran aliuchukua mmea huo, ambao jina lake la kitaalamu ni Oldenlandia affinis na ni wa ukoo mmoja na mbuni wa kahawa, akaupeleka maabara kwao. Mwaka 1973 alichapisha alichokipata: kitu kinachoukaza mfuko wa uzazi ni peptidi. Hapo likazaliwa fumbo lililokaa zaidi ya miaka 20 bila kufumbuliwa. Peptidi kwa kawaida ni kitu laini. Moto huiharibu, na ukiimeza tumbo linaila. Ile ya kalata-kalata ilichemshwa kwanza, kisha ikamezwa, na bado ikafanya kazi yake.

Makala haya yanahusu jinsi fumbo hilo lilivyofumbuliwa, na jinsi mwanasayansi mmoja wa Australia, David Craik wa Chuo Kikuu cha Queensland mjini Brisbane, alivyoligeuza kuwa njia ya kubuni dawa. Kwanza inabidi tuelewane peptidi ni nini.

Protini zote mwilini, za misuli, za damu, za nywele, zimejengwa kwa asidi amino. Aina zake kuu ni 20, nazo huungana moja baada ya nyingine kama shanga kwenye uzi. Uzi ukiwa mrefu tunauita protini. Ukiwa mfupi, tuseme shanga 50 kushuka chini, tunauita peptidi. Insulini yenye shanga 51 iko mpakani. Oksitosini, homoni inayokaza mfuko wa uzazi na kuteremsha maziwa, ina shanga 9 tu. Nyingi kati ya nyuzi hizi fupi ni wajumbe: hutoka sehemu moja ya mwili, husafiri na damu, hufika kwenye seli zinazohusika na kuingia kwenye kipokezi chake kama kifungo cha shati kinavyoingia tunduni. Seli ikishapokea, inatii.

Uzuri wa peptidi kama dawa uko hapo. Vidonge vingi tunavyomeza ni molekuli ndogo sana, na udogo huo huzifanya zijipenyeze hata zisikotakiwa. Ndiyo maana dawa ya ugonjwa mmoja huamsha kichefuchefu, usingizi au vipele. Peptidi ni pana zaidi. Hukishika kipokezi chake kwa sehemu nyingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo ni vigumu kumshika mwingine kwa makosa. Ubaya wake ni kwamba peptidi ni chakula. Tumbo halina namna ya kutofautisha peptidi iliyotengenezwa kwa gharama kubwa na kipande cha nyama ya mbuzi. Vyote ni asidi amino, na vyote vina kusagwa.

Usagaji huo hufanyika kwa njia mbili, na tofauti yake ndiyo kiini cha habari hii yote. Viko vimeng'enya vinavyoanzia nchani: hushika ushanga wa mwisho na kuukata, kisha unaofuata, kisha unaofuata. Kamba ya katani hufumuka hivyohivyo, kuanzia ncha. Viko vingine, kama pepsini ya tumboni na tripsini ya kwenye utumbo, ambavyo huurukia uzi katikati na kuukata vipande popote vinapokuta asidi amino vinayoitaka. Anayebuni dawa ya peptidi ana maadui hawa wawili, na silaha ya kumzuia mmoja haimzuii mwenzake.

Ndiyo sababu mgonjwa wa kisukari anayehitaji insulini hujidunga, hamezi. Hata nje ya tumbo hali si njema. Kuna homoni ya utumbo iitwayo GLP-1 ambayo ikiingia kwenye damu nusu yake hutoweka ndani ya dakika 2 hivi. Wabunifu walibadilisha baadhi ya asidi amino zake na kuining'iniza mkia wa mafuta ili ijishikize kwenye protini kubwa za damu, wakapata semaglutaidi, inayokaa mwilini kiasi cha kudungwa mara moja kwa wiki. Ni ushindi mkubwa. Lakini ilipotengenezwa iwe kidonge, na kidonge hicho kikaidhinishwa Marekani mwaka 2019, kiasi kinachofika kwenye damu hakikuzidi sehemu 1 katika 100. Sehemu 99 zilizobaki tumbo limeshazila au zimepita zikatoka.

Kwa upande wa uzazi shida inatugusa zaidi. Oksitosini, dawa inayozuia mama asivuje damu akishajifungua, inatakiwa ikae kwenye friji kati ya nyuzi joto 2 na 8. Mtu yeyote aliyewahi kufika zahanati ya kijijini ambako umeme hukatika siku mbili mfululizo anajua sharti hilo lina maana gani. Oksitosini iliyopigwa na joto haibadiliki rangi wala harufu. Muuguzi huivuta kwenye sindano akiamini ni dawa, kumbe nguvu imeshapungua. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti uliohusisha wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwamo, uliolinganisha oksitosini na ndugu yake wa kubuniwa, kabetosini isiyoharibiwa na joto. Kwa kuzuia kuvuja damu, kabetosini haikuwa nyuma. Na kabetosini ni nini? Ni oksitosini ileile, ila wakemia wameigusa sehemu chache: wameondoa kipande kwenye ncha ambayo vimeng'enya hupenda kuanzia, na wamebadilisha kifungo kimoja dhaifu kwa kingine imara. Sehemu chache tu katika uzi wa shanga 9, na matokeo yake yanaonekana wodini.

Sasa turudi kwenye chai ya Kongo, ambayo ilikuwa imekwenda mbali kuliko hayo yote.

Uzi usio na ncha

Gran na mwenzake Knut Sletten walipojaribu kusoma mpangilio wa asidi amino katika peptidi yao, waliyoiita kalata B1, walikwama. Njia ya siku hizo ilikuwa kushika ncha moja ya uzi, kung'oa ushanga mmoja, kuutambua, kisha kung'oa wa pili. Kwa kalata B1 hakukuwa na pa kuanzia. Mpangilio kamili na umbo lake havikupatikana mpaka mwaka 1995, katika kazi ya pamoja ya maabara ya Craik na watafiti wa Norway. Uzi ulikuwa umeungwa ncha kwa ncha. Ulikuwa duara.

Duara pekee linamshinda adui wa kwanza, anayeanzia nchani. La kumshinda wa pili lilikuwa ndani ya duara lenyewe, na njia bora ya kulielewa ni kulifunga kwa mikono yako.

Tafuta uzi na shanga 29. Shanga 6 ziwe nyekundu. Hizo ni sisteini, asidi amino yenye salfa, na sifa yake ni kwamba sisteini mbili zikikaribiana zinaweza kushikana kwa salfa zao kwa kifungo kigumu. Tunga shanga zako, nyekundu zikae nafasi ya 1, 5, 10, 15, 17 na 22. Funga ncha za uzi zipate kuwa duara. Chukua kipande kingine cha uzi ufunge wa 1 na wa 15 pamoja. Halafu wa 5 na wa 17. Ukitazama vizuri utaona vifungo hivyo viwili vimezaa pete ndogo ndani ya duara kubwa, pete ya shanga 8: kutoka wa 1 hadi wa 5 upande mmoja, kutoka wa 15 hadi wa 17 upande wa pili. Kimebaki kifungo cha mwisho, cha wa 10 na wa 22. Hiki hakipiti pembeni. Kinatakiwa kipenye katikati ya ile pete ndogo. Nilipolifunga mezani, hatua hiyo moja ilinichukua muda mrefu kuliko nyingine zote kwa pamoja, kwa sababu pete ni finyu na uzi unataka kupita kando. Ukiweza, vuta. Duara lililokuwa legelege linajikusanya na kuwa donge gumu, huku vitanzi vidogo sita vikiwa vimechomoza nje.

Hilo ndilo fundo la sisteini. Kimeng'enya kikija kutaka kukata katikati, hakipati sehemu iliyolegea ya kuingiza mdomo. Na hata kikifaulu kukata mahali pamoja, donge halifumuki, maana vifungo vitatu vya salfa bado vimeshika. Maji yanayochemka hayalifungui. Mwaka 1999 Craik na wenzake waliliita kundi zima la peptidi za namna hii saiklotidi, kwa kuwa kalata B1 haikuwa peke yake. Zilianza kuonekana katika mimea mingine ya ukoo wa kahawa na katika mimea ya ukoo wa urujuani, kisha hata kwenye jamii ya kunde.

Ninapenda kukaa kidogo kwenye jambo lililotokea baadaye, kwa kuwa linaonyesha wazi modeli ya kompyuta ni nini na si nini.

Umbo la molekuli ndogo hivi halionekani kwa darubini ya kawaida. Craik ni bingwa wa njia iitwayo NMR, ndugu wa mashine ya MRI ya hospitalini. Peptidi huyeyushwa kwenye maji, ikamiminwa kwenye mrija mwembamba wa kioo, mrija ukashushwa ndani ya sumaku yenye nguvu nyingi. Atomi za haidrojeni zilizo jirani huathiriana, na mashine husikia athari hiyo ikiwa umbali kati yake ni nusu nanomita au pungufu. Mtafiti hatoki na picha, anatoka na orodha ya majirani: haidrojeni ya ushanga huu iko karibu na ya ushanga ule. Orodha hiyo hupewa kompyuta, nayo huukunja uzi huku na huku, huuchemsha kwa hesabu kisha huupoza taratibu, mpaka ipate maumbo yanayokubaliana na majirani wote. Hutolewa maumbo kadhaa, mara nyingi 20, yakalazwa moja juu ya jingine. Yakioana, watafiti wana imani nayo.

Katika kalata B1 salfa sita zimejibana katikati ya donge, karibukaribu mno. Sisteini 6 zinaweza kufungwa mbilimbili kwa njia 15 tofauti, na orodha ya majirani peke yake haikutosha kutenganisha njia zinazofanana. Mwaka 2002 watafiti wengine, kwa data za aina ileile ya NMR, walipendekeza kwamba hakuna fundo. Kwamba vifungo vimepangwa kama vipago vya ngazi. Hapo wazo zima lilitikisika. Kama hakuna uzi unaopenya pete, basi maelezo ya ugumu wa kalata B1 yalikuwa na kasoro.

Jibu lilipatikana 2003, na halikutoka kwenye kompyuta. Ulf Göransson na Craik waliichukua peptidi yenyewe, wakaanza kuvifungua vifungo vyake hatua kwa hatua, kila salfa iliyoachia wakaitia alama ya kikemia, wakaikata peptidi vipande na kuvipima uzito mpaka wakajua nani alikuwa ameshikana na nani. Wa 1 na wa 15. Wa 5 na wa 17. Wa 10 na wa 22. Fundo lilikuwapo. Modeli huchora yale ambayo data inayaruhusu, na data ikiruhusu maumbo mawili, lazima mtu arudi mezani kwenye kemikali.

Kubebesha

Wakulima wa miembe wanajua kazi ya kubebesha. Unachukua shina la mwembe wa kienyeji, lenye mizizi ya kuvumilia ukame, unalikata na kulifunga kikonyo cha mwembe wa matunda unayoyataka. Mizizi ya huyu, embe za yule. Kazi kubwa ya Craik na wenzake tangu hapo ni hiyohiyo, ila shina ni fundo la sisteini na kikonyo ni kipande kifupi cha peptidi chenye uwezo wa kutibu ambacho kikiachwa peke yake kingesagwa mara moja.

Vile vitanzi sita vinavyochomoza nje ya donge havina urefu sawa. Kimoja kina ushanga mmoja tu. Kirefu kuliko vyote kina 7. Fundo lenyewe halibanduki kwa kubadilisha shanga za vitanzi, mradi nyekundu sita zibaki. Mwaka 2008 maabara ya Craik ilipandikiza kwenye kalata B1 kipande kinachozuia ujumbe ambao uvimbe wa saratani huutuma ili uoteshewe mishipa mipya ya damu. Walijaribu vitanzi mbalimbali, na matokeo hayakuwa sawa. Kipande kilekile kikiwa kwenye kitanzi hiki kilifanya kazi, kikihamishiwa kingine kikazubaa, kwa sababu kilikuwa kimekunjwa vibaya au kimeelekezwa kusikofaa. Mwaka 2012 James Tam wa Singapore, mtu aliyewahi kufanya kazi na Bruce Merrifield, mkemia aliyebuni njia ya kutengeneza peptidi maabara, alichukua vipande vinavyozuia kipokezi cha maumivu, akavibebesha kwenye kitanzi kile kirefu, akawapa panya kwa mdomo. Maumivu yalipungua. Kwa mdomo, bila sindano: hilo ndilo lililokuwa likitafutwa.

Craik hakuishia kwenye mimea. Baharini kuna konokono wa jamii ya Conus wanaowinda kwa sumu, na sumu yao ni mchanganyiko wa peptidi zinazofunga njia za fahamu. Jamaa zao wamo katika miamba ya pwani ya Afrika Mashariki, wazuri wa kutazama kwa rangi za magamba yao. Mmoja wao, Conus geographus, ana uwezo wa kuua mtu, kwa hiyo watoto wanaookota makombe wakati maji yamekupwa waambiwe wasimshike aliye hai. Kutoka kwa konokono mmoja wa namna hiyo, Conus magus, ilipatikana zikonotaidi, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Inafanya kazi, ila ni lazima iingizwe moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo kwa pampu. Craik alichukua peptidi ya konokono wa Australia, Conus victoriae, yenye shanga 16, akaongeza shanga 6 za kuunganisha ncha zake, ikawa duara la 22. Mwaka 2010 kundi lake lilionyesha kuwa duara hilo likinyweshwa panya wenye maumivu ya mishipa ya fahamu, linawatuliza. Somo alilolipata kwenye mmea wa Kongo lilikuwa limehamia kwa konokono.

Kompyuta inaingia wapi hapa? Fikiria kitanzi chenye nafasi 6 tu. Kila nafasi ina chaguo 20. Hiyo ni michanganyiko 64,000,000, na hakuna maabara inayoweza kutengeneza yote. Kwa hiyo mbunifu huanza kwenye skrini. Ana umbo la kipokezi, ana umbo la fundo, anabadilisha shanga na kuangalia ipi inakaa. Halafu huacha molekuli zitikisike. Programu huhesabu mwendo wa kila atomi, pamoja na maji yanayoizunguka, kwa hatua ndogo mno. Ili kutazama sehemu moja tu katika milioni ya sekunde, kompyuta hupiga kama hatua 500,000,000. Kitanzi kinachoonekana kizuri kikiwa kimetulia huweza kujifunika mara tu kinapoanza kutikisika, na ni afadhali kulijua hilo kabla ya kununua kemikali.

Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2024 ilikwenda kwa David Baker, kwa kubuni protini kwa kompyuta, na kwa Demis Hassabis na John Jumper, kwa programu ya AlphaFold inayokisia umbo la protini kutokana na mpangilio wake. Baker na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 2016 kwamba peptidi fupi zenye vifungo, ambazo hazipo popote duniani, zinaweza kubuniwa toka mwanzo, zikatengenezwa, na umbo lake likaoana na mchoro. Hata hivyo peptidi zina ukaidi wake. Protini kubwa huwa na umbo moja la kudumu. Peptidi fupi isiyofungwa hubadilika muda wote kama mkia wa mjusi. Ukiuliza umbo lake ni lipi, jibu la kweli ni kwamba yako mengi. Hii ni sababu nyingine ya kupenda fundo: linampa mbunifu kitu kinachotulia, na makisio yake yanakuwa na pa kushika.

Mchoro ukikubalika huja kutengeneza. Njia inayotumika ni ya Merrifield, aliyeitangaza 1963 na kupewa Nobel 1984. Ushanga wa kwanza hufungwa kwenye punje ndogo za plastiki, punje zikatiwa kwenye chombo chenye chujio. Unamimina asidi amino inayofuata, unasubiri iungane, unaosha, unaondoa kinga ya nchani, unaosha, unamimina nyingine. Mara 28 kwa uzi wa shanga 29. Kila hatua ikifaulu kwa asilimia 99, mwishoni robo tatu ya nyuzi zako ziko kamili. Ikifaulu kwa asilimia 95, ambayo kwa shughuli nyingi tungeiita kazi safi, unabaki na chini ya robo. Baada ya hapo uungane ncha, kisha sisteini zishikane zenyewe kwa njia ile moja kati ya 15. Kalata B1 ina ukarimu wa kujifunga sawasawa ikiwekwa kwenye mchanganyiko unaofaa, nusu yake alkoholi. Iliyobebeshwa kipande kigeni haina uhakika huo.

Kinachobaki kigumu

Wapo wanaoandika kana kwamba kidonge cha peptidi kiko mlangoni. Siwezi kuandika hivyo. Kuokoka tumboni ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuvuka ukuta wa utumbo kuingia kwenye damu, na kalata B1 ina uzito wa molekuli wa karibu 2,890, wakati dawa nyingi za kumeza hazizidi 500. Kinachovuka ni kidogo.

Tena kalata B1 haikuumbwa kwa ajili ya akina mama. Mmea unaitumia kujilinda. Mwaka 2001 Craik na Marilyn Anderson wa Melbourne walionyesha kwamba viwavi wa Helicoverpa, jamii ya wale wanaotoboa pamba na nyanya mashambani kwetu, wakilishwa kalata B1 hawakui. Saiklotidi hushambulia utando wa seli, na kwa sababu hiyo huua pia mabuu ya minyoo ya tumbo ya kondoo na mbuzi, na kwa kiasi kikubwa hupasua seli nyekundu za damu. Ili kujua ni shanga zipi zinazohusika, watafiti walizibadilisha moja baada ya nyingine zile 23 zisizo sisteini, kila safari wakiweka alanini, asidi amino isiyo na makuu. Ilionekana kwamba madhara hayo yanategemea kundi la shanga zilizokaa upande mmoja wa donge. Ukizigusa hizo, makali yanapungua na fundo linabaki.

Badiliko moja la shanga ndilo lililofika mbali zaidi. Ule ushanga ulio peke yake kwenye kitanzi kifupi kuliko vyote, wa 16 katika hesabu yetu na wa 20 katika hesabu ya wanasayansi, ambao huanzia kwingine, uliondolewa, mahali pake ikawekwa lisini, asidi amino nyingine. Mwaka 2016 Christian Gruber wa Vienna na wenzake walieleza kwamba peptidi hiyo ikinyweshwa panya wenye ugonjwa unaofanana na ule wa kinga ya mwili kushambulia mishipa ya fahamu ya binadamu, ugonjwa unapungua kasi. Panya si mtu, na rafu za maduka ya dawa bado hazina saiklotidi.

Kinachonipa moyo zaidi kinatoka kwenye mmea tena. Mmea hauna mashine ya Merrifield wala alkoholi ya kukunjia. Hutengeneza protini ndefu, kisha kimeng'enya chake huukata uzi mahali maalumu na papo hapo kuunga ncha. Mwaka 2014 maabara ya Tam ilikitoa kimeng'enya cha namna hiyo kwenye Clitoria ternatea, ile kunde ya maua ya buluu inayopandwa pia kama malisho ya ng'ombe, na kinaunga nyuzi za peptidi kwa kasi ambayo mkemia haipati kwa mikono yake. Craik na Anderson walifuata wazo la kuotesha dawa ndani ya mimea yenyewe, kwenye mbegu au majani, ili anayeihitaji asitegemee kiwanda cha mbali wala friji. Mama wa kijijini, sufuria, maji ya moto: wazo hilo linarudi palepale lilipoanzia, isipokuwa safari hii kipimo kinajulikana. Hilo si jambo dogo. Uchungu uliozidishwa bila kipimo unaweza kupasua mfuko wa uzazi, na sufuria mbili za mmea mmoja hazitoki sawa.

Wanawake waliomwonyesha Gran chai ile walikuwa wameshafanya nusu ya utafiti: walijua mmea upi, utumike saa ngapi, na kwamba moto hauudhuru. Mkataba wa kimataifa wa kugawana faida ya maarifa kama hayo, Itifaki ya Nagoya, ulipitishwa 2010, miongo minne baada ya mmea kuondoka Kongo. Kilichosalia chao ndani ya sayansi ni jina. Kila mpya ikipatikana kwenye mmea ule huandikwa kwa jina la kwao, kalata B2, kalata B7, na ile iliyobadilishwa ushanga mmoja, inayochunguzwa huko Vienna iwe tiba, nayo bado inaitwa kalata.